Figo Niliyoahidi, Sindano Niliyoficha

Wiki iliyopita niliishia kwenye kiti cha saluni ya wifi yangu, kichwa nimelaza nyuma, macho nimefumba, naye anahesabu kwa sauti. Alifika tano. Tatu alichoma katikati ya nyusi, mbili juu yake kidogo. Nikatoka mle ndani najiona msichana.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, mambo ni haya. Nina miaka arobaini na tisa. Ni msimamizi wa chumba cha dobi kwenye hoteli kubwa, na kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu imekuwa kukunja uso nikitafuta madoa kwenye shuka. Ndiyo maana kazini wananiita Kumi na Moja, kwa ajili ya ile mistari miwili iliyosimama katikati ya nyusi zangu.

Mdogo wangu wa kiume, tumbo moja, figo zake zimekufa zote mbili. Nilipimwa, tukalingana, nikaahidi kumpa moja ya kwangu. Mke wake, huyo wifi, akasema hajui atanishukuruje kwa wema huo, ila kuna kitu anaweza kunifanyia: kunifutia hiyo kumi na moja. Ni dawa ya kulegeza mikunjo, akasema, hata watangazaji wa televisheni wanachomwa.

Nilikubali mwenyewe. Hakuna aliyenishikia panga.

Baadhi yenu mmeandika kuuliza mtu mzima kama mimi natafuta nini usoni. Barua nimezisoma zote, hasa ya yule bwana aliyesema angekuwa mume wangu angenifukuza. Baba, mimi nilishafukuzwa miaka tisa iliyopita, nikiwa na mikunjo yangu yote. Tuendelee.

Kichwa kilianza kuniuma kabla sijafika nyumbani. Siku ya kwanza nilidhani ni njaa. Siku ya pili nikasingizia joto la pasi kubwa, ile ya kuviringisha, inayomeza shuka mbichi upande huu na kuzitoa kavu upande wa pili. Siku ya tatu nilikuwa stoo ya sabuni, nimeshika ukuta, natapika.

Maumivu yalianzia palepale aliponichoma, yakapanda utosini, yakashukia kisogoni. Ni kama kitambaa kilichofungwa kichwani na mtu mwenye kinyongo na wewe. Mwanga wa taa ya kukagulia shuka, ambayo nimefanya nayo kazi miaka yote hiyo, sikuweza kuutazama.

Na dawa za maumivu sikuweza kumeza ovyo. Daktari wa figo alinipa orodha iliyoandikwa kwa herufi kubwa: zile kali zote marufuku, zinaumiza figo. Nami figo ile sikuiona kuwa yangu tena. Niliitunza kama mzigo wa mtu niliowekeshwa. Nikabaki na vidonge vya kawaida, vile anavyopewa mtoto mwenye homa, na kwa kichwa kile havikufua dafu.

Nikampigia wifi. Nikamweleza yote, mpaka kutapika.

"Hiyo ni kawaida, wifi," akasema. "Wengine kichwa kinawauma siku mbili tatu, wengine wiki. Kitaacha chenyewe."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kabla hajanichoma.

"Ningekuambia ungekataa."

Naomba muisome tena hiyo sentensi. Huyu ni mwanamke ambaye mume wake anaishi kwa kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Figo ya kumtoa kwenye mashine hiyo imo ndani ya mwili wangu. Na aliona ni sawa kuuchoma mwili huohuo dawa bila kuniambia itanifanya nini, eti ningekataa. Bila shaka ningekataa. Ndiyo maana watu huambiwa.

Nilikata simu damu inanichemka. Nikataka kukunja uso, uso ukagoma. Hasira zote zimejaa kifuani, na juu huku paji la uso liko laini kama foronya iliyotoka kwenye pasi.

Kazini wakaona raha. Mama Mvuke, anayesimamia pasi za mashati, aliniuliza siku hizi nina amani gani mbona sinuni. Siku ileile nilimgombeza binti aliyeunguza kitambaa cha meza, nikampa maneno yote ninayoyajua, naye akacheka. Alidhani natania. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mtu aliyecheka nikimgombeza, na nilitamani kulia.

Sasa sikilizeni habari ya tarehe, maana hapo ndipo roho ya mtu ilipokuwa.

Madaktari bingwa wa kupandikiza figo walikuwa wanakuja kwenye hospitali yetu kwa wiki moja tu, halafu wanaondoka na kurudi baada ya miezi mitano. Sisi tulipangiwa Jumatano ya wiki hiyo. Mdogo wangu hakuwa na miezi mitano. Mrija wa shingoni anaosafishiwa damu ulikuwa wa tatu, miwili ya kwanza iliziba, na tulishaambiwa mishipa ya kuwekea mwingine inakwisha. Kwa hiyo ilikuwa Jumatano au basi.

Alhamisi iliyotangulia niliitwa kwa ukaguzi wa mwisho. Ilikuwa siku ya nane tangu sindano. Asubuhi hiyo nilijitazama kwenye kioo nikakuta kope la jicho la kushoto limeshuka nusu, kama mlango wa duka lililofungwa kwa msiba. Nikalipandisha kwa kidole, likashuka. Nikalipandisha tena, likashuka.

Wifi ndiye aliyenisindikiza. Alikuwa amejipamba, amebeba mkoba wake mkubwa, na njiani aliniomba nivae miwani ya jua. Nilivaa. Daktari akaniambia niivue.

Huyu daktari wa figo ni mwanamke mfupi, mpole, anayeandika polepole. Aliweka kalamu chini. Akaniuliza kope limeshuka lini, kichwa kinaniuma tangu lini. Nikamwambia ukweli kuhusu kichwa, maana nilikuwa siwezi hata kukificha. Akaniambia nifumbe macho kwa nguvu, nikafumba. Nitabasamu, nikatabasamu.

"Inua nyusi, mama."

Nikainua. Yaani mimi nilijua nainua. Yeye hakuona kitu.

"Inua."

"Nimeinua, Daktari."

Akasogea karibu. Akanishika paji la uso kwa vidole viwili, akabonyeza. Kisha akauliza, taratibu kabisa, kama kuna dawa yoyote nimetumia ambayo hatujaiandika kwenye faili. Kidonge, mitishamba, sindano ya aina yoyote, mahali popote mwilini.

Chini ya meza, kiatu cha wifi kikaukanyaga mguu wangu.

"Hapana," nikasema.

Nitawaambia kwa nini nilisema hapana, na sitajipendelea. Si kwa ajili ya kile kiatu. Tangu ilipojulikana kuwa natoa figo, watu walikuwa wananiangalia kwa jicho jingine. Meneja wa hoteli aliyekuwa hajui hata jina langu alinipa mkono mbele ya wafanyakazi wote. Majirani walikuwa wananipisha kwenye ngazi. Shangazi zangu, waliosema nilishindwa kukaa na mume, sasa walikuwa wanawaambia binti zao waige mfano wangu. Nilipenda. Nilipenda mno kusifiwa. Na mtu anayesifiwa hivyo atamwambiaje daktari kwamba wiki mbili kabla ya kupasuliwa alikuwa saluni anatafuta ujana?

Niliona aibu, nikadanganya. Basi.

Daktari akaandika. Akasema hawezi kumlaza mezani mtu mwenye kichwa kinachouma siku nane mfululizo, kope limeshuka, na paji la uso lisilotikisika, bila kujua sababu. Inaweza kuwa kitu kwenye ubongo, inaweza kuwa mishipa ya fahamu. Akanipangia kipimo cha kichwa kesho yake. Kisha akasema lile jingine. Kulikuwa na baba mmoja na binti yake ambao vipimo vyao vimekamilika, wanasubiri nafasi. Kama hadi Jumatatu hajapata jibu, Jumatano inakuwa yao.

Tulipotoka nilimvuta wifi mpaka kwenye kona ya ngazi, pale wanapoegesha machela mabovu.

Nikamwambia arudi ndani akaseme. Akaanza kulia. Akasema hana cheti. Dawa hiyo aliagiza kwa mtu, na kuchoma alijifunza kwa mwanamke mwingine wa saluni kwa muda wa siku mbili. Ikijulikana watamfungia, na saluni ndiyo inayowalisha tangu mumewe aache kazi.

"Siku mbili," nikasema. "Mimi kumfundisha mtu kukunja shuka namkalisha wiki."

"Wifi, tafadhali, punguza sauti."

Nikamuuliza dawa inatoka mwilini lini.

"Miezi mitatu," akasema. "Au minne. Lakini jicho huwa linarudi mapema, wanasema."

"Nani wanasema?"

Akafuta machozi. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, kipimo cha kichwa kitatoka safi na daktari ataturuhusu. Nilimwangalia. Nilikuwa nimekasirika kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na najua uso wangu ulikuwa umetulia kama wa mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Ndiyo maana alithubutu kunishika mkono na kusema ahsante kwa kumwelewa.

Sikumwelewa hata kidogo. Lakini na mimi nilinyamaza, kwa hiyo tulikuwa wawili.

Ijumaa nikaingizwa kwenye ile mashine inayogonga kama fundi bati. Jumamosi na Jumapili nikalala na taulo lililoloweshwa usoni, madirisha nimefunga. Mdogo wangu alipiga simu mara nne. Kila mara aliniuliza kichwa kinaendeleaje. Yeye, mwenye mrija shingoni, ananiuliza mimi kichwa. Nikawa namjibu kinapungua, na hakikuwa kinapungua.

Jumatatu ilikuwa zamu yake ya kusafishwa damu, na daktari alituita wote pale pale, ili atupe majibu pamoja.

Chumba kile kina viti kumi na viwili, mashine kumi na mbili, na mapazia ya kijani kati ya kiti na kiti. Mdogo wangu alikuwa cha tatu, karibu na dirisha. Alikuwa fundi wa lifti kabla ya kuugua, na kwa manesi wale ni kipenzi, maana mzaha hauishi mdomoni. Siku hiyo hakuwa na mzaha. Mguu umevimba, uso umevimba, midomo imekauka. Wifi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, mkoba begani.

Daktari alikuja na faili. Akasema kipimo cha kichwa kimetoka safi, hakuna uvimbe, hakuna damu iliyovuja.

Wifi akanitazama kana kwamba ananiambia, unaona?

Daktari hakuwa amemaliza. Akasema kwa kuwa kichwa ni safi, sasa anaogopa kitu kingine. Kuna ugonjwa unaolegeza misuli, huanzia kwenye kope na uso, baadaye unashuka mpaka kwenye misuli ya kupumulia. Mtu mwenye ugonjwa huo akipewa dawa ya usingizi ya upasuaji anaweza asipumue tena. Kwa hiyo, akasema, ananiondoa kwenye orodha ya watoaji. Si kwa Jumatano tu. Kwa muda usiojulikana, mpaka ithibitike sina.

Sindano tano za saluni zilikuwa zimeshanipa ugonjwa nisiokuwa nao. Na mdogo wangu zilikuwa zimeshamnyang'anya figo.

Nilimgeukia. Nilitegemea atalia kwa ajili yake mwenyewe. Akanyoosha ule mkono usiofungwa kipimo cha presha, akanishika vidole.

"Dada, basi," akasema. "Usifikirie figo tena. Ujitibu. Mimi nimekuchosha, na umekuwa mgonjwa kwa ajili yangu."

Alikuwa anaomba msamaha. Aliamini kabisa kwamba vile vipimo vyote, na zile safari za hospitali, na wasiwasi, ndivyo vilivyoniangusha. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuweza kuyafuta kwa kuwa mkono mmoja umefungwa kipimo cha presha na mwingine umenishika mimi.

Hapo nilishindwa. Heshima ya majirani, shangazi, meneja na mkono wake, vyote nikavitupa.

"Daktari, nilikudanganya," nikasema. "Sina ugonjwa. Nilichomwa sindano za kuondoa mikunjo. Hapa, tano."

 Kisha daktari akavuta kiti akakaa, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya ndani ya chumba kile. Akauliza ni lini, nikamtajia siku. Akauliza kichwa kilianza lini, nikamwambia jioni ileile. Akanishika tena paji la uso, akabonyeza, akatikisa kichwa. Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake akashusha pumzi ndefu.

Alisema dawa hiyo inajulikana. Kuumwa kichwa baada ya sindano hizo hutokea, kwa wengine kidogo, kwa wachache vibaya kama mimi. Kope kushuka pia hutokea, dawa ikisambaa isikotakiwa. Vyote huwa vinapita. Alikuwa na hasira, ilionekana, maana yeye mikunjo yake inafanya kazi. Lakini alisema anachotaka ni kuandika upya, kuongea na wenzake wa dawa ya usingizi, na kama mengine yote yako sawa, Jumatano haijapotea.

Mdogo wangu akaanza kucheka. Alianza polepole, kicheko kikamshika mpaka nesi akaja kuangalia mashine.

"Kumbe Dada yangu ni mrembo," akasema. "Nimelia bure."

Nami nikacheka. Kichwa kilikuwa kinapasuka na nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Sijui kama niliwahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mdogo wangu pale, na kile kicheko chake chenye kukohoa. Nilijiona nimetua mzigo.

Wifi hakucheka.

Daktari akafungua ukurasa mpya, akauliza nani alinichoma, kituo gani, daktari gani.

Sikutaka kumtaja mbele ya mumewe. Hilo nalisema kwa ukweli wangu wote, pamoja na hasira zangu. Nilimtazama ili ajitaje mwenyewe. Mdogo wangu akafuata macho yangu. Ametunza lifti miaka kumi na mitano, anajua kusikiliza kitu kinapokwama.

"Wewe?" akamuuliza mkewe.

Wifi akaanza kueleza kwamba ilikuwa zawadi, kwamba alitaka tu kunishukuru. Mumewe akamkatisha. Akamuuliza kama Alhamisi alikuwemo ndani ya chumba cha daktari wakati mimi naulizwa. Akasema alikuwemo. Akamuuliza kama aliposikia nafasi inapewa watu wengine alisema neno lolote.

Akatikisa kichwa.

Na mdogo wangu akanigeukia mimi pia. Hakuuliza kitu. Siku nne nilikuwa nimemwacha alale akijua anakufa, na sote wawili tulijua jibu.

Daktari aliinua mkono, akasema ya nyumbani tukayamalize nyumbani, yeye ana maswali mawili tu. La kwanza, dawa ilikuwa gani. Wifi akafungua mkoba, akatoa kichupa kidogo kilichofungwa kwenye tishu. Daktari akakisoma dirishani kwenye mwanga, akanakili maandishi, akasema afadhali, ni dawa halisi.

La pili aliliuliza huku bado anaandika.

"Sindano ilikuwa mpya?"

Ni swali jepesi. Mtoto wa shule angelijibu. Wifi alifunga zipu ya mkoba, akaifungua tena.

"Ilikuwa mpya asubuhi," akasema.

Kalamu ya daktari ikasimama. Mimi nilichomwa saa kumi jioni, nilipotoka kazini.

Daktari akamuuliza kati ya asubuhi na saa kumi aliwachoma wangapi kwa sindano hiyo. Wifi akaanza kujitetea. Alisema alikuwa anaifuta kwa spiriti kila mara. Alisema dawa kidogo hubaki kwenye bomba, ukibadilisha inapotea, na yule aliyemfundisha ndivyo anavyofanya. Wote ni wateja wasafi, akasema, wanawake wa maana.

"Wangapi?"

"Wanne. Na wifi wa tano."

Sikumbuki nilinyanyukaje. Nakumbuka kola ya gauni lake imo mkononi mwangu na vifungo viwili vimeruka. Nakumbuka nesi amenishika kiuno kwa nyuma, na mimi napiga kelele kwamba alijua ninachokibeba, alijua ni cha nani, akanichoma na makombo ya watu wanne. Nilimwita mshenzi. Nilimwita jina jingine ambalo mhariri hataliacha. Yeye alikuwa analia tu, hakujitoa, na hilo likazidi kunitia wazimu.

Walipotutenganisha, daktari aliongea kwa sauti ya chini. Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anamwambia mgonjwa wake.

Alisema damu yangu itapimwa leo, lakini kipimo cha leo hakitatosha. Virusi vikiwa vimeingia siku kumi na mbili zilizopita, vinaweza kujificha wiki kadhaa kabla ya kuonekana. Na yeye, mdogo wangu, baada ya kupandikizwa atapewa dawa za kuishusha kinga ya mwili ili asiikatae figo. Ikija na ugonjwa, hatakuwa na kitu cha kupigana nao. Hao wanawake wanne watafutwe, wapimwe kama watakubali. Lakini Jumatano hawezi kuichukua figo yangu. Jumatano anampa yule baba na binti yake, na anakwenda kuwapigia simu sasa hivi.

"Na miezi mitano?" mdogo wangu akauliza.

Daktari alitazama ule mrija shingoni. Akasema watajitahidi, wataona kama kuna mshipa mwingine. Kwa jinsi alivyosema, kila mtu mle ndani alielewa, mpaka mgonjwa wa kiti cha nne aliyekuwa anajifanya amelala.

Daktari akaondoka na faili lake. Nikasogea kwenye kiti. Nilitaka kumshika vidole kama alivyonishika mimi. Akauweka mkono wake chini ya shuka.

Akaangalia damu yake inavyozunguka kwenye mipira. Kisha akamwita nesi, kwa adabu kama kawaida yake, akamwomba amvutie pazia.

Nesi akashika pazia, akasita. Akamuuliza kama wageni wabaki ndani au watoke.

"Watoke."

Wifi akaweka mkoba chini, akasema yeye ni mke wake. Mimi nikasubiri. Nilijua ataniita. Ndiye aliyenishika mkono robo saa iliyopita, mimi ndiye niliyesema ukweli mwishowe.

Nesi naye alidhani hivyo. Akamuuliza kama dada yake abaki.

Mdogo wangu alinitazama usoni kwa muda mrefu. Sijui alikuwa anatafuta nini pale, na chochote alichokuwa anakitafuta, uso wangu haukuweza kumwonyesha.

"Wote wawili," akasema.